Gari la Kupasha Maji, Doha Mwezi wa Saba

Jumanne, 1 Julai

Limekuja. Lile lori la Uingereza lililosubiriwa kama bibi harusi limetoka bandarini jana, na Baba Nasra tangu jana hali vizuri kwa furaha. Kaniletea picha kwenye simu. Mbele, nyuma, ubavuni, uvunguni. Uvunguni! Mwanawe tangu tufike hapa hajapigwa picha za uvunguni wala za juu.

Nimetazama. Lori jekundu, kuukuu, maturubai pembeni kama lori la soda, na nyuma limebeba kifoklifti, kigari cha kunyanyulia mizigo, mgongoni kama mtoto. Mlangoni kulikuwa na jina la mji wa huko. Wamelipaka rangi lakini bado linasomeka. Yaani wenyewe wamelichoka, wamelipeleka mnadani, na huku sisi tunalipokea kwa kamera.

Nikauliza, linazima moto? Halizimi. Linabeba wagonjwa? Halibebi. Sasa la nini? La kuogeshea watu! Ikimwagika kemikali mahali, linatoa hema, linatoa mabomba, watu wanavuliwa nguo, wanaoshwa, wanavishwa nyingine. Anasema Waingereza kwa zimamoto lao wana gari la kila jambo. La ngazi ndefu. La mafuriko. La kumnyanyua ng'ombe aliyetumbukia shimoni. Na la kuwachemshia chai wazima moto wakichoka. Nilidhani ananitania. Hanitanii.

Nchi ina gari la chai. Mimi nina jiko moja la gesi tunaligombania na wapangaji wa villa nzima.

Jumatano, 2 Julai

Nasra kalala, naandika haraka.

Lazima niseme ukweli japo kwenye daftari langu. Nalicheka lori, lakini kukaa kwetu hapa kunategemea hilo lori. Kampuni iliyomwajiri Iddi, Baba Nasra wangu, imepata kazi ya ulinzi na uokoaji kwenye makazi mapya Al Wukair, pembeni kuna maghala ya dawa za mabwawa ya kuogelea. Mwenye makazi kataka vifaa vya Kiingereza, basi kapewa. Wamechagua madereva wa Afrika Mashariki watupu kwa sababu usukani uko kulia kama kwetu. Watakaofaulu mtihani wanakuwa wasimamizi wa zamu, na msimamizi anaruhusiwa kuishi na mke na mtoto. Asiyefaulu anabaki mlinzi, kitanda kimoja kambini, familia kwao.

Viza yetu ya kutembelea inakwisha tarehe ishirini. Mtihani ni Jumamosi ya tarehe kumi na mbili. Lori likimpenda Iddi, tunabaki. Lisipompenda, mimi na Nasra ni Tanga, na baba atakuwa sura ya kwenye simu.

Ndiyo maana nalichukia zaidi.

Ijumaa, 4 Julai

Wamerudi kutoka msikitini, Iddi na Githinji, wamekula pilau hapa chumbani. Githinji ni Mkenya wa Nyeri, si Mwislamu, kazi yake ni kumsubiri Iddi nje ya msikiti halafu aje kula. Simlaumu. Anasifia chakula vizuri.

Kanichekesha kuhusu mkufunzi wao. Anaitwa Douglas. Kaja wiki tatu zilizopita kutoka huko. Anatoka hotelini anaingia kwenye gari la baridi, anashuka anaingia kontena la baridi. Anafundisha jua la Doha kutoka dirishani!

"Shem, huyu mzee anapaka mafuta ya jua mpaka unadhani ni chapati inaenda kwa pan," Githinji kasema.

Iddi hakucheka. Kasema Douglas ana uzoefu wa miaka mingi. Kasema zana za Kiingereza zina utaratibu. Neno hilo utaratibu sasa linalala na sisi. Ana kadi ya plastiki yenye hatua zote, ameitundika juu ya kitanda pale nilipotaka kutundika saa.

Hatua moja nimeisoma mwenyewe, Kiingereza changu cha Form Four kimenitosha. Washa hita, pasha maji mpaka yawe ya uvuguvugu, ili majeruhi wasipigwe na baridi.

Baridi! Doha! Mwezi wa saba!

Nimecheka mpaka Nasra kaamka.

Jumapili, 6 Julai

Hapa Najma, mtaani kwetu, mtu yeyote, hata aliyefika juzi, anafundishwa jambo moja siku ya kwanza. Kiangazi, usifungue koki ya bluu. Maji ya bluu yanatoka tangi la juu ya paa, yamechemshwa na jua mchana kutwa. Unazima hita, unayaacha maji yakae ndani ya hita kwenye kivuli cha chumba, unaoga kwa koki nyekundu. Nyekundu ndiyo baridi. Bluu inaunguza. Mimi kanifundisha Milka, jirani wa mlango wa pili, nilipomwogesha Nasra mara ya kwanza na mtoto akapiga ukelele.

"Wee! Hapa kila kitu iko upside down, Mama Nasra. Bluu ni moto. Shika hiyo kwanza, mengine utajua baadaye."

Sasa lori lao lina tangi. Tangi limekaa juani. Mipira imelazwa juu ya lami. Na juu ya hayo wanawasha hita, wanageuza kitasa kwenye thelathini na tano, na Douglas akiona kitasa kinasema thelathini na tano anaamini na maji yamesikia.

Nimemwambia Iddi. Kasema, "Mama Nasra, hilo ni gari, si bafu la Najma."

Haya.

Jumatatu, 7 Julai

Leo hakuna jipya. Nasra ana vipele vya joto shingoni. Nimempaka poda. Hataki kuvaa chochote, anazunguka chumba na chupi na kofia ya kazi ya baba yake. Kadi ya utaratibu kaitafuna pembeni. Sikumkataza kwa haraka sana.

Jumatano, 9 Julai

Nina hasira.

Leo walifanya mazoezi ya kwanza na maji yenyewe. Saa kumi alasiri, maana kabla ya hapo ni marufuku watu kufanya kazi juani. Kwa hiyo tangi lilishapikwa siku nzima. Githinji ndiye aliyekuwa majeruhi. Kaingia hemani na kaptula, Iddi kafungua koki—

"Shem, hiyo si maji ya kuoga. Ni maji ya kunyonyoa kuku!" Kasimama mlangoni kwangu anacheka, mgongo mwekundu kama kapigwa fimbo. "Niliruka, nikatoka na hema nusu. Douglas kwa kontena hakuona kitu, anaandika ripoti."

Iddi naye anacheka. Nikamuuliza, umemwambia Douglas?

Kambeba Nasra, kaanza kumfuta pua.

"Iddi. Umemwambia?"

Akasema atamwambiaje, na mtihani ni wa huyo huyo mzungu. Mwanafunzi hamsahihishi mwalimu wiki ya mtihani. Na kwamba ni maji ya kwanza tu yaliyolala kwenye mpira, ya nyuma yake yanapoa kidogo. Na kwamba Githinji ana ngozi laini.

"Mimi?" Githinji kasema. "Mimi nilikua nikichuna chai, bro."

Halafu likatoka la pili. Lilitoka kwa bahati mbaya, Githinji alidhani najua. Jumamosi wageni watakuwepo, mwenye makazi, mudiri, yaani mkurugenzi wa kampuni, wapiga picha. Mwenye makazi kasema makazi ni ya familia, kwa hiyo anataka kuona majeruhi mama na mtoto. Kampuni haina mama wala mtoto. Mwenye mama na mtoto ni mmoja tu.

Kaandikisha majina yetu tangu wiki iliyopita!

Sikupiga kelele, vyumba vimetengwa kwa patishen za mbao tu, villa nzima inasikia. Nimemwangalia tu. Akatazama viatu vyake. Githinji kakumbuka ana safari.

Alhamisi, 10 Julai

Nimelala kwa Milka mchana, mtoto katikati. Milka yuko zamu ya asubuhi hotelini, saa nane anakuwa amerudi, miguu kaiweka ukutani.

Nilitaka anipe hasira zaidi. Hakunipa. Kasema, enda Jumamosi. Enda uoge hiyo maji yao, uvae hiyo gunia yao, usmile kwa kamera. "Mimi Kiprop nilimwacha akiwa na miaka miwili. Juzi nikapiga video, akamwita nyanyake, akamwambia, kuja, kuna auntie kwa simu. Auntie, Mama Nasra! Mi ndio nilimzaa."

Halafu akacheka. Halafu akageukia ukuta.

Nimemtazama Nasra amelala mdomo wazi. Ana tabia ya kushika sikio la baba yake ili apate usingizi. Baba asipokuwepo anashika la kwangu lakini anajua si lenyewe. Analiachia.

Nitakwenda. Lakini nina masharti.

Ijumaa, 11 Julai

Masharti nimeyasema baada ya chakula, kwa upole, kama ninavyomwambia Nasra asiguse jiko. Mara moja, na jicho.

La kwanza, sivui nguo. Mambo ya hema la kuvulia watu nguo yawe ya huko huko. Nitavaa dera langu na mtandio, na hilo gauni lao la karatasi wanalovisha majeruhi juu. Akasema tayari wamekubaliana, hata Douglas kakubali bila shida. Vizuri. Kwa hilo namvulia kofia mzee, ana adabu yake.

La pili, maji yaachiwe yamwagike kwanza kabla mwanangu hajaingia. Au watie barafu. Maduka yote ya bakala ya Najma yanauza barafu, si dawa ya kutafuta hospitali.

Hapo akaanza. Barafu haimo kwenye utaratibu. Na maji hayamwagwi hovyo, kwa sababu maji yaliyoosha kemikali ni sumu, lazima yaingie kwenye mfuko mkubwa chini ya hema, na mfuko una kiasi chake.

"Lakini kesho hakuna kemikali, Baba Nasra."

"Lakini tunafanya kana kwamba ipo."

Jamani! Mtu mzima, ndevu hizi. Kemikali ya kujifanya anaiogopa, maji ya moto ya kweli haogopi.

Mwishowe kaapa. Kaweka mkono kichwani kwa Nasra na kaapa kwamba atafungua maji mapema, kimya kimya, kabla hatujafika kwenye zamu yetu. Nimemwamini. Si mwongo. Ni mwoga tu, na woga wake wote ni kwa ajili yetu, hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mshenzi ningejua la kufanya.

Nimempigia pasi shati la ndani.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika ndani ya basi la kampuni. Al Wukair. Basi liko kwenye kivuli cha ukuta, injini inanguruma, baridi ipo. Dereva kashuka kutazama tamasha. Nasra yuko mapajani anakula biskuti. Ni mzima. Ni mzima, mtoto wangu ni mzima.

Niandike kwa mpangilio kabla sijasahau nani kasema nini.

Tulifika saa tisa, zoezi ni la saa kumi. Wageni wamewekewa viti chini ya turubai na mafeni yanayorusha ukungu wa maji. Maji baridi, hayo! Mudiri kanishukuru kwa Kiarabu, kampa Nasra juisi. Lori limesimama mbele limeng'arishwa. Hema limepandishwa, rangi ya machungwa, refu kama la harusi ya watu maskini. Mipira kwenye lami. Lami ukiikanyaga na ndala unasikia.

Wakatutundikia shingoni kadi za kuonyesha nani kaumia zaidi. Mimi njano, Nasra kijani. Gauni la mtoto lililotoka Uingereza ni la mtoto wa miaka kumi, Nasra kapotea ndani, kinaonekana kichwa tu. Wapiga picha wakafurahi. Nami nikatabasamu. Nilimkumbuka Milka nikatabasamu zaidi.

Wafanyakazi wametoka na suti za kujikinga na kemikali. Kijani, zimefunika mpaka vidole, mtungi wa hewa mgongoni ndani kwa ndani, kioo usoni. Wote wanafanana, kama vyura. Iddi nilimjua kwa mwendo. Kachukua nafasi yake kwenye koki.

Nikangoja afungue maji mapema. Kaangalia koki. Kamwangalia Douglas. Douglas alikuwa amesimama karibu yake kabisa, filimbi mdomoni, saa mkononi. Leo hakukaa kontenani! Siku zote hizo yuko ndani, leo ndiyo kaamua kuwa mwanamume.

Iddi hakufungua.

Filimbi. Wale majeruhi wanaume, walinzi wenzao, wakaingia mlango wao. Nikasikia mmoja anapiga yowe, halafu ananyamaza ghafla, kama mtu aliyekumbuka mudiri yupo. Wageni wakapiga makofi. Walidhani anaigiza!

Zamu yetu. Nikaingia nimembeba. Ndani ya hema joto kama tanuri la mikate. Githinji upande huu na mpira, Iddi upande ule. Iddi kafungua koki.

Nikaweka mkono wangu kwanza.

Sasa hivi ninavyoandika mkono huo nimeushikiza kwenye tundu la baridi la basi. Haujatoka malengelenge. Lakini ni mkono wangu mimi, mkono wa mpika ugali. Ngozi ya Nasra ina vipele vya joto, ya shingo ukiigusa na kucha inaacha alama.

Nikasema kwa sauti, "Baba Nasra, maji ni ya moto."

Kanitazama. Nyuma ya kioo niliona macho yake, yalikuwa yametoka. Akainua kiganja, ngoja. Nikangoja. Douglas akachungulia kwenye pazia, akasema kitu, akaonyesha saa. Na Iddi—

Iddi kakishusha kiganja akafanya ile ishara ya kwenye kadi ya utaratibu. Mikono miwili kuelekea kifuani. Njoo.

Kaniita! Kanifanyia ishara niingie na mwanawe!

Nilimgeuza Nasra begani, nikafungua pazia nililoingilia, nikatoka. Nikapita mbele ya wageni na gauni la karatasi linapepea. Nasra kampungia mkono mudiri. Mudiri naye kampungia, maskini, hakujua afanye nini kingine.

Douglas kanifuata mbio. Uso mwekundu. Akasema kwa Kiingereza pole pole, kama ninavyosemeshwa siku zote, kwamba majeruhi haruhusiwi kuondoka eneo mpaka aoshwe.

Nikamjibu kwa Kiswahili. "Mwambie mwenye lori, huyu majeruhi kapona."

Githinji alikuwa amechomoza kichwa hemani. Sijui kama alimtafsiria. Nilisikia kicheko ndani ya kioo.

Basi. Niko hapa. Sasa kila kitu nje kimesimama. Wageni wamegeuza shingo. Naona Douglas anasema na mudiri, anaonyesha lori, anaonyesha kitasa. Mudiri anatikisa kichwa, sijui kwa nini. Githinji katoka, kachukua mpira, kajimwagia kwenye buti, mvuke umepanda. Nadhani anawaonyesha. Mwenye makazi kanyanyuka kitini.

Iddi peke yake hajasogea. Amesimama kwenye koki kama nguzo. Mwanaume yule hajui aende wapi. Kulia kwake mtihani, kushoto kwake basi.

Nikimwangalia hivi namwonea huruma, na huruma naikanya. Namwambia huruma, kaa chini. Tanga si kaburini. Mama yangu yupo, chumba kipo, Nasra atakua. Atashika sikio la bibi yake mpaka azoee. Mimi sitarudi kwenye lile hema hata wakinipa mji wenye jina mlangoni.

Anatembea. Ameacha koki. Anakuja huku.

Douglas kampigia filimbi. Hakugeuka. Labda hasikii kwa lile kofia. Labda anasikia.

Kama ametumwa kuja kumchukua mtoto, mlango wa basi unafungwa kwa kitufe cha dereva, nimeshakiona, kidole changu kinakifikia. Ile suti zipu yake iko mgongoni, aliyevaa hawezi kujifungulia. Lazima aje mwingine amtoe. Kazi hiyo ni ya Githinji, na Githinji yuko kule kule anamwaga maji.

Amefika. Kioo kimejaa jasho, sioni uso. Nasra naye hamjui, kajificha kifuani kwangu. Amegonga dirisha mara moja, taratibu, na kidole cha mpira.

Sasa amegeuka. Kanipa mgongo, kainama kidogo kama Nasra akitaka afunguliwe vifungo—